Mwizi wa Umeme Bandani, Saa ya Kula

"Mwenye baiskeli ya umeme humu ndani ni mmoja tu," alisema mama Geesje, na kidole chake hakikupata shida kutafuta pa kwenda.

Kilikuja moja kwa moja kwangu.

Wakuu, hiki kisa kimenikuta hapa Winschoten, kaskazini ya Uholanzi, ambako nimeishi hadi nimezoea kulalamikia upepo kama wenyeji.

Tulikuwa kwenye korido ya chini, jengo zima limejazana. Mita ya banda la baiskeli, ambayo tunailipia wote, ilikuwa inakimbia kama imefukuzwa. Mtu anaiba umeme. Na mama Geesje, mwenyekiti wa kamati ya jengo, alishamaliza uchunguzi.

Nikamweleza kwamba betri yangu huwa naichomoa, napanda nayo ngazi nimeikumbatia kama kichanga, naichajia jikoni kwangu.

"Kila mwizi ana maelezo," akadakia Wubbo.

Huyu Wubbo tunatazamana milango. Mstaafu wa posta, mwembamba kama spoku, amepeleka barua kwa baiskeli maisha yake yote. Baiskeli yangu aliipa jina siku ya kwanza tu: kiti cha wagonjwa. Mama Geesje naye alikuwa hachoki kutuambia kwamba kwa dada yake kule Oude Pekela anaendesha baiskeli kwa nguvu za miguu yake mwenyewe, upepo upende usipende.

Likatoka tamko. Alhamisi kura inapigwa: baiskeli za umeme marufuku bandani.

Nikachoka.

Ile baiskeli ni nzito kama ng'ombe, na ngazi za hapa zimesimama wima kama za kupandia darini. Bila banda, sina baiskeli. Bila baiskeli, narudi kwenye basi na magoti yangu yanayolia.

Maana hayo magoti ndiyo chanzo. Daktari aliniambia nifanye mazoezi ya upole, ya kila siku, nisijifanye kijana. Kazini kwangu, kiwanda cha wanga wa viazi, ni mbali kidogo, barabara imenyooka kando ya mfereji na upepo unakupiga usoni bila huruma. Nikaona nitafute ya umeme.

Dukani nikampata dada mmoja, Fenna, mikono imejaa grisi. Hakuniuliza rangi wala bei. Aliuliza, "Unataka ikubebe au ikusaidie?"

Mimi kwa ushamba nikasema inibebe.

Akanipa moja yenye mota kwenye gurudumu la mbele. Nikagusa pedali tu, ikaondoka na mimi. Nilikuja kusimama ndani ya vyungu vya maua vya duka jirani, nimekaa kwenye udongo, mwenye duka ananiangalia na bomba la maji mkononi.

Fenna akasema basi ikusaidie.

Akanitolea nyingine, mota yake iko katikati, kwenye pedali. Hiyo inapima nguvu ya mguu wako. Ukikanyaga kidogo inakupa kidogo, ukiongeza inaongeza, ukiacha nayo inaacha. Jasho linatoka, ila pumzi haikatiki. Fremu yake iko chini, huhitaji kurusha mguu. Nikanong'ona kwamba hiyo si ya kike?

"Siku goti likigoma utapandaje ya kiume?" akauliza.

Nikaipanda. Akanionyesha betri inavyotoka, kisha akacheka peke yake. Akasema kuna wazee wa hapa, kitu cha kwanza wanachouliza dukani ni mifuko ya pembeni mipana ya kufunika betri, watu wasijue.

Hilo nililisahau. Nikalikumbuka Jumatano, siku moja kabla ya kura.

Siku hiyo upepo ulikuwa wa hasira. Natoka kazini, nimeweka msaada wa mota chini kama daktari alivyotaka, nahema. Wanafunzi mbele yangu wamejikunja, nyuso ziko kwenye usukani. Mara napitwa.

Ni Wubbo. Mgongo umenyooka, anapiga mluzi, mifuko mipana huku na huku.

"Kanyaga, jirani," akaniambia, akapotea.

Nikasema ahaa.

Sasa, huku saa kumi na mbili jioni kila mtu yuko mezani. Hakuna anayebisha hodi, hakuna anayeshuka ngazi. Kwa mtu kama mimi, ninayependa nyumba ifurike watu, hiyo saa ni mateso. Unanusa masufuria ya jengo zima na huitwi hata kwenye moja.

Lakini kwa mwizi wa umeme ndiyo saa yenyewe.

Nikashuka bandani mapema, nikajibanza nyuma ya turubai lililoning'inia pembeni.

Saa kumi na mbili kamili, mlango ukafunguka. Wubbo, na ndara, kitambaa cha mezani bado kinaning'inia shingoni. Akasogeza mfuko wa baiskeli yake, akachomeka waya kwenye ile soketi moja tuliyonayo.

Nataka kuinuka, mlango ukafunguka tena. Wubbo akachutama nyuma ya gurudumu.

Akaingia mama Geesje, amebeba sufuria iliyofunikwa kitambaa. Nikajua analeta ushahidi, au supu. Akafunua.

Chaja.

Akavuta turubai lililofunika baiskeli yake, na pale chini ikatokea ya umeme, mpya, inang'aa. Akapapasa soketi, mkono ukakuta waya wa mtu.

"Nani huyu?"

Wubbo akainuka taratibu. "Nimekuja kuvizia mwizi."

"Na kitambaa shingoni?"

"Na wewe na sufuria?"

Hapo nikakohoa. Wubbo aliruka, kiwiko kikagonga kengele ya baiskeli, ikalia vizuri kabisa.

Hakuna aliyekimbia. Mama Geesje akakaa juu ya ndoo, akatueleza habari za nyonga yake. Bila ile mota, kwa dada yake hafiki tena, na dada hana mwingine wa kumtembelea. Wubbo akasema kwake yeye ni ugonjwa wa moyo. Mtu wa posta mzima, angewaambia nini watu? Kubeba betri ngazini kila mtu angeona, ndiyo maana wakaja huku, kila mmoja akidhani yuko peke yake. Upepo wa siku hiyo ndio uliowamalizia chaji wote pamoja.

Wakuu, umbea mimi mnanijua, huwa unaniwasha ulimi. Lakini niliwaangalia wale wazee wawili, nikasema Alhamisi tuombe soketi tatu na mita yake, tuilipie wenyewe.

"Nitawaambia mwenyewe," akasema mama Geesje. "Ila Wubbo aanze."

Kwa hiyo wewe unayetafuta ya kwanza: ijaribu kabla ya kulipa, goti lako ndilo lichague, hakikisha betri inatoka. Halafu ipande mchana kweupe. Kusaidiwa kidogo ili uendelee kukanyaga hakuna aibu yoyote.

Mama Geesje akasema viazi vyake vinapoa. Nikasogea pembeni wapite, desturi naijua.

Kwenye ngazi ya tatu akasimama, sufuria tupu kwapani, akageuka.

"Wubbo, kalete kiti chako, mimi ninavyo viwili tu. Na wewe jirani, unangoja nini hapo? Njoo ule."