Nilivyojigamba Katikati ya Fidla

Jamani, acheni nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Jumapili mama alinipeleka ukumbini hapa Ujiji kwenye muziki wa amani: watu wanne, fidla tatu na moja kubwa ya kubana kwa magoti. Akanikalisha makusudi jirani na Bosco, rafiki yangu wa utotoni, ambaye kwao ni Burundi. Tangu tugombanie nyavu za samaki pale ufukweni Kibirizi hatukuwa tunasemezana, na mama alitaka tupatane.

Fidla zikaanza polepole. Nikamkumbuka babu kule Kalinzi, jioni, akipiga zeze uani huku ndizi zinaiva motoni. Kwetu zeze likitua, ndiyo zamu ya wanaume kusimama na kujisifu. Mimi na Bosco tulikuwa wa kwanza kuruka, wanaume wenye kimo cha mbuzi! Machozi yakanilenga.

Mara fidla zikanyamaza. Nikajua zamu imefika. Nikasimama, kifua mbele:

"Mimi ndiye simba wa Kalinzi! Ndiye niliyembwaga Bosco matopeni, akalia kama ndama!"

Mama kajifunika uso kwa kitenge. Dada wa fidla kubwa akaniambia kwa upole, "Kaka, bado hatujamaliza. Tulikuwa tunapumua tu."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nikabaki wima, sijui mikono niiweke wapi. Ndipo Bosco akanivuta shati.

"Kaa chini, muongo wewe. Aliyelia siku ile ni wewe."