Sangara wa Kipupwe

Mama aliugua kipupwe kilipoingia. Homa ilimwachia, lakini hamu ya kula haikurudi. Dada yangu alimbembeleza na uji wa ulezi. Aliuonja, akausukuma pembeni, na kila siku shuka lilizidi kuwa kubwa juu yake. Asubuhi moja akasema, uso ameuelekeza ukutani:

"Kichwa cha sangara ningekula. Mbichi. Siyo hizo kuni zenu."

Mama alizaliwa Kabwe, ziwani, akaolewa huku juu Chala. Kwetu samaki alikuwa kitu kikavu kinachoning'inia juu ya moshi wa jikoni. Mimi sikuwahi kuwa mtu wa kutulia nyumbani, hivyo sikusubiri kutumwa. Siku hizo malori ya watu binafsi yalikuwa yameanza kushuka ziwani kufuata dagaa. Nikadandia moja, juu ya magunia ya mahindi.

Mjomba, kaka yake mama, alinipokea kama kawaida yake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekonda kama ndoana. Huko juu mnakula baridi?"

Nilipomweleza hali ya dada yake alienda kukagua mishipi yake.

Kulipokucha tulipiga kasia hadi kwenye miamba, maji yakiwa bado yametulia. Nikatupa mshipi kwa namna ya kwetu. Katika vijito vya Ufipa, wakati wa baridi perege hupanda kwenye maji ya kina kifupi kuota jua, nasi huwategea hapo hapo juu. Mjomba alinitazama kwa muda.

"Unaanika chambo? Kikikauka utakivaa?"

Akanionyesha. Mshipi unashushwa mpaka chubwi, kile kipande cha risasi, kigonge mwamba. Kisha unavutwa juu kiasi cha mkono mmoja na kuachwa. Baridi ikiingia, alisema, sangara hakimbizi kitu. Anapelekewa chakula mlangoni. Kwa hiyo unainua chambo polepole, unakishusha polepole, kama mtu anayepumua usingizini.

Mshipi uligongwa. Nikavuta kwa nguvu, ndoana ikarudi tupu.

"Unamnyang'anya! Mwache ameze kwanza. Huyu siyo perege wa kwenu anayedokoa na kukimbia."

Jua lilipanda, mawimbi yakaanza kugonga ubavu wa mtumbwi. Nilijua muda si mrefu tutarudi, na akilini nilimwona mama ameelekea ukutani. Mjomba alitazama maji, akaweka kasia chini. "Kidogo tu," akasema. Uzito ulipokuja tena nililegeza vidole, nikauacha mshipi uende, uende, ndipo nikavuta. Alikuwa sangara mnene, rangi ya fedha, urefu wa mkono wangu.

Mjomba alimtoa matumbo bila kugusa kichwa, akamjaza majani mabichi, akamviringisha ndani ya gunia lililoloweshwa. "Kiangazi hata nisingekusumbua kumbeba," alisema. "Sasa hivi baridi ya mlima itamtunza."

Nilifika Chala jioni, meno yakigongana. Nikamkabidhi dada lile gunia, nikajitupa kitandani bila kuvua viatu. Niliamshwa na sauti ya mama.

"Nani anafukiza sangara wangu?"

Dada alikuwa amempasua na kumtundika juu ya moto, kama samaki wote walioingia nyumba ile.

"Mama, si ataoza?"

"Ataoza na baridi hii? Watu wa mlimani nyie! Niondokee hapo!"

Akalitupa shuka. Akashika ukuta, halafu bega langu, akafika jikoni, mahali ambapo hakuwa amekanyaga tangu augue. Samaki alikuwa ndiyo kwanza ameanza kunusa moshi. Mama akamtundua, akakata kichwa mwenyewe, akakichemsha kwa chumvi na nyanya, akakaa kwenye kigoda kukilinda, kana kwamba dada angekitundika tena.

Alianza na nyama ya shavu, akanyonya mifupa.

"Ulishusha mpaka mwambani?"

"Mpaka mwambani."

"Kaka yangu hakukutukana?"

"Alinitukana sana."

"Basi ni mzima," akasema, akamgeukia dada. "Ugali uko wapi?"