Kiwanda Nilichokiendesha kwa Mdomo

Ule muziki wa kufungulia kipindi cha asubuhi bado upo. Wameongeza ngoma, wametoa filimbi, lakini sauti nne za mwanzo ni zilezile, na juzi zilinikuta kwenye duka la dawa pale Usa River, nikisubiri dawa za mama. Televisheni ilikuwa juu ya kabati, nyuma ya maboksi ya pamba. Nilitoka nje bila kuchukua nilichofuata. Muuzaji, kijana mpole, akanifuata hadi barabarani na mfuko mkononi.

"Dada, umesahau mzigo wako."

Nikamwambia nilikuwa nawahi simu. Sikuwa na simu yoyote ya kuwahi. Uongo mdogo wa namna hiyo hunitoka upesi, tena ukiwa umenyooka, na ndio ninaotaka kuwaeleza ulianzia wapi. Nimeianza habari hii mara nyingi nikaichana, kwa sababu kila nilipoiandika vizuri ilinifanya nionekane mtoto mwema.

Kile kipindi cha asubuhi nakijua kuliko watu wengi wanaokitangaza leo. Jina lake sitalitaja. Waliozoea kuamka mapema watalijua. Televisheni za watu binafsi zilikuwa bado ngeni nchini kilipoanza. Kulikuwa na meza moja, pazia lililokunjamana upande wa kushoto, na watangazaji wawili, mwanamume na mwanamke, wakiinua magazeti mbele ya kamera na kusoma vichwa vya habari. Magazeti mapya yalikuwa yakizaliwa kila siku enzi zile, hadi meza ikawa haiyatoshi. Halafu yakaja maua ya plastiki. Halafu vikombe vya chai ambavyo sikuwahi kumwona mtu akivinywea. Halafu simu za watazamaji, zilizokatika kila mtu alipofika kwenye hoja yake. Siku hizi wana makochi, na ujumbe wa watu unapita chini ya kioo kama siafu. Naweza kuwapa historia yake pazia kwa pazia. Ningependa nisiweze.

Kwetu ni Nkoaranga, kwenye miteremko ya Mlima Meru, juu kidogo ya hospitali. Kwa sababu ya hospitali, nyaya za umeme zilipita karibu nasi mapema kuliko kwa wengine. Televisheni aliileta baba mdogo Eliamani, mdogo wa marehemu baba yangu, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda cha sufuria mjini Arusha, kiwanda cha serikali. Aliipandisha mlima kichwani, imefungwa kwenye blanketi, na kila aliyekutana naye njiani alimpa pole akidhani amebeba mgonjwa. Ilikuwa ndogo, nyeusi na nyeupe, na ilikuwa imeshatumika kwa mtu mwingine. Bibi akaifumia kitambaa cha kuifunika.

"Sasa mama utauona mji ninaokaa," baba mdogo alimwambia.

Bibi aliyachukua maneno hayo kama yalivyo. Kwa muda mrefu aliamini kwamba wale watangazaji wawili walikuwa majirani wa Eliamani, na akawa anawaangalia kwa jicho la kuuliza kama mwanawe anakula vizuri.

Kiswahili cha Bibi kilikuwa cha sokoni: bei, chumvi, punguza, Mungu akubariki. Kile cha habari kilimpita kama basi lisilosimama. Mama yangu aliondoka alfajiri kwenda kwenye mashamba ya maua, hivyo mkalimani nilikuwa mimi, mwenye miaka tisa. Saa kumi na mbili na nusu, baada ya sala, kitambaa kilifunuliwa, chenga zikatulia, nami nikasimama pembeni ya kioo nikitafsiri kwa Kimeru. Nilitafsiri kwa kupiga kelele, kwa sababu msikilizaji wetu wa pili alikuwa Babu Zakaria, jirani, mlinzi mstaafu wa hospitali, ambaye masikio yalikuwa yamemfia. Alikuja na kikombe chake mwenyewe, kana kwamba vya kwetu vinavuja.

"Huyu binti ananisalimia kama rika lake," Bibi alilalamika kila mtangazaji aliposema habari za asubuhi. "Hana shikamoo?"

"Labda amekuona bado kijana," Babu Zakaria alijibu.

"Wewe hata hujasikia alichosema."

"Nimemwona mdomo. Mdomo wa shikamoo haufungwi upesi vile."

Niliifanya kazi yangu kwa hofu. Nilikuwa na daftari la maneno magumu: soko huria, ubinafsishaji, wahisani, mfumuko wa bei. Nilimuuliza mwalimu, nikamuuliza mchungaji, nikayapata kwa Kimeru au nikayatengenezea njia. Nikipitwa na kichwa kimoja cha habari, siku nzima nilikiwaza. Nilichelewa kuhesabiwa namba shuleni nikachapwa, na sikujali. Jioni Bibi angenisifia mbele ya mama, akiniita kwa utani wa bibi na mjukuu: "Mke mwenzangu hapitwi na neno."

Mwaka ule daktari alimwambia mama kwamba Bibi ana presha na asishtuliwe. Mama, ambaye jioni alirudi akinuka dawa za maua na mikono imejaa mikwaruzo, alinishika sikio, si kwa ukali, akanivuta karibu.

"Habari mbaya usimmwagie tu. Bibi yako akianguka, utakuwa umemwangusha wewe."

Sidhani kama alikumbuka maneno hayo kesho yake. Mimi niliyalalia na kuyaamkia.

Ilikuwa masika. Ukungu ulishuka hadi kwenye migomba, na chumba kilinuka moshi na nguo mbichi. Bibi alikuwa akichambua maharage kwenye ungo. Baada ya magazeti walionyesha picha za Arusha, na nikaliona geti la kiwanda. Kila mtu aliijua alama yake, sufuria kubwa ya saruji iliyojengwa mlangoni. Mbele yake walisimama wanaume wengi, kila mmoja na karatasi mkononi. Mtangazaji alisema kiwanda kimeuzwa, mnunuzi amekifunga, wafanyakazi wote wamepunguzwa kuanzia siku ile.

"Ile sufuria!" Babu Zakaria aliruka. "Si kwa Eliamani pale?"

Bibi aliuweka ungo chini. "Wanasema nini?"

Nilikuwa na neno kupunguzwa daftarini. Nilikuwa na Kimeru chake, kizuri, nimekihakiki kwa watu wawili. Nikamtazama Bibi shingoni, mahali mshipa ulipokuwa ukipiga, nikasikia sauti yangu ikipaa, safi, bila kukwama.

"Wanasema kiwanda kimepata mwenye mali mpya! Ataleta mashine mpya! Wafanyakazi wamepewa barua za kuwaambia!"

"Mungu ni mwema," alisema Bibi. Aliuchukua ungo wake. Hakuanguka. Nilijiona nimeokoa maisha ya mtu kabla ya saa moja asubuhi.

Sikujua kwamba uongo ukishazaliwa hula kila siku. Kesho yake Bibi aliuliza, "Za kwa Eliamani?" Nikamwambia mashine ziko melini. Wiki nyingine zilikuwa bandarini, kisha njiani. Nilipanga fundi kutoka nje ambaye hakuzoea ndizi. Nilimpandisha baba mdogo cheo kidogo, nikaogopa, nikakishusha. Kiwanda changu kilifanya kazi miezi saba baada ya kile cha kweli kufungwa, na hakuna siku kilipokosa umeme.

Mnaweza kuuliza watu wengine walikuwa wapi. Mama alisikia kazini wiki ileile. Aliniuliza jioni, huku akivua viatu, "Bibi amejua?" Nikasema amejua, amenyamaza tu. Akapumua. Akasema habari ya mtu mzima husemwa na mwenyewe, tumngoje Eliamani. Bibi naye nilimwambia mama akirudi amechoka, hataki habari za viwanda. Kanisani nako watu wa kwetu hawamwanzishii mzazi maneno ya aibu ya mwanawe. Wanangoja aanze yeye. Walimwona Bibi akicheka, wakasema mama yule ana imani.

Eliamani alikuja mara moja. Ilikuwa Jumamosi, baada ya miezi miwili, mama akiwa kazini. Alikuwa amekonda, shati lake lilipigwa pasi mpaka likang'aa kwenye mikunjo, na alikuwa na begi. Begi kubwa, si lile la kuja na kurudi. Nililiona, nikalitafutia sababu nzuri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda! Ndizo hizo mashine mpya zinakukondesha?"

Alikuwa ameinama kuweka begi chini. Aliinuka polepole. "Mashine?"

"Usinifiche, mwenzio najua yote. Kila asubuhi nayasikia. Babu Zakaria ni shahidi. Mwenye mali mpya, fundi asiyekula ndizi, yote." Bibi alikuwa akiangaza, sijui namna nyingine ya kulisema. "Nilijua tu kwamba hawawezi kumwacha mtu kama wewe."

Baba mdogo alinitazama. Nilikuwa mlangoni, nimeshika fremu kwa mikono miwili. Alinitazama muda mrefu, na naapa hakukuwa na hasira hata chembe. Kisha akamgeukia mama yake.

"Ni nzuri, mama," alisema. "Hazipigi kelele kabisa."

Alikula bakuli zima la loshoro, mahindi ya maziwa mgando. Aliulizwa kuhusu fundi, akamtungia kikohozi. Alasiri alisema zamu inamngoja, akachukua begi lake, na Bibi akaniambia nimsindikize. Tulishuka kile kinjia chenye utelezi hadi karibu na hospitali.

"Zile mashine, ni wewe?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Kwa sababu ya presha yake?"

"Ndiyo, baba mdogo."

Akaniwekea mkono kichwani. "Umefanya vizuri. Asante."

Nilipanda mlima nikikimbia. Neno lile, asante, nililiandika daftarini, ukurasa wa peke yake.

Mwezi wa kumi na moja kipindi kilirudi pale getini. Walikuwa wameanza kuwa na sehemu ya kuuliza mambo yaliyoahidiwa yamefikia wapi. Sufuria ya saruji ilikuwa palepale, majani yameota hadi mdomoni mwake, mbuzi wawili wanakula. Mlango una mnyororo. Picha hiyo haikuhitaji Kimeru. Babu Zakaria alikiweka kikombe chake chini.

Bibi hakuondoa macho kwenye kioo. "Tafsiri," alisema.

Nikatafsiri. Sikuacha neno. Miezi saba, nilisema. Wote, nilisema. Kupunguzwa nililisema kwa lile neno zuri nililokuwa nimelihakiki. Lilikuwa sahihi kabisa.

Hakupiga kelele wala hakunichapa. Aliinuka, akatoka nje kwenye mpaka wa shamba, akakata jani la isale. Wasiotoka huku niwaeleze: isale ni mmea wa mpakani, na jani lake akipelekewa mtu likiwa limefungwa fundo, ni ombi ambalo halikataliwi. Mwenye hasira hupoa, na aliyekimbia kwa aibu hurudi. Mama alipofika jioni Bibi alimpa lile jani bila maelezo mengi.

"Mpe Eliamani. Mwambie shamba lake la kihamba lipo, migomba ipo, mimi nipo. Mwambie aje alale kwao."

Kesho yake mama hakwenda kazini. Alikwenda Arusha, Ngarenaro, kwenye chumba alichopanga baba mdogo, kwa mama mmoja Mwislamu mwenye asili ya Kondoa aliyekuwa akiuza vitumbua barazani. Alirudi na lile jani limesinyaa kwenye mkoba. Mwenye nyumba alimkalisha, akamletea maji, akamweleza kwamba kijana aliondoka miezi miwili iliyopita, na hakudaiwa hata shilingi.

"Alisema ana kwao mlimani, angekwenda," alimwambia mama. "Nikamwambia nenda baba, mama hana kiburi kwa mwanawe. Akaenda siku moja, na begi. Jioni nikamwona huyo, karudi. Nikamuuliza, vipi? Akasema kwao kuna furaha, hakutaka kuivuruga."

Mtu mmoja alisema alimwona Kikatiti akipakia nyanya. Mwingine alisema Mererani, migodini. Mama alikwenda kote, na isale mbichi kila mara. Hatukumpata. Hadi leo hatuna kaburi wala barua.

Presha haikumuua Bibi. Hilo ndilo jambo ambalo usiku na mchana huwa nalizunguka kama mbuzi kwenye kamba. Habari mbaya aliipokea akiwa amesimama, akatembea hadi mpakani, akakata jani, na akaishi miaka minane zaidi. Alikuwa na dawa ya ile habari. Ilikuwa inaota uani kwetu siku zote. Nilichomnyima ni muda wa kuitumia.

Nilikuwa na miaka kumi na saba nilipomwambia yaliyobaki. Nilikuwa nikimwosha miguu, naye amefumba macho. Nilisema, "Bibi, siku ile baba mdogo alinishukuru. Kule kinjiani. Aliniambia nimefanya vizuri." Nadhani nilitaka aniambie kwamba kumbe basi, ikiwa mwenyewe alishukuru, yameisha.

Aliutoa mguu mmoja majini.

"Yule mtoto," alisema, "hata ukimkanyaga mguu atakuomba radhi yeye. Nilimlea vizuri."

Nililia siku ile kwa kuamini kwamba nimesamehewa. Tulikuwa tumeshamzika Bibi, mimi tayari mtu mzima, ndipo niliposikia alichokuwa akisema. Hakuwa akizungumza na mimi. Alikuwa akitaja kosa lake mwenyewe, alilolibeba peke yake miaka yote ile nami nikiwa nimekaa miguuni pake: kwamba alimfundisha mwanawe adabu zote, akasahau kumfundisha kurudi nyumbani mikono mitupu.