Kitanda Kilichoingia Ukutani

Nimeona meli nyingi za angani kwa sinema, na kila moja naipima kwa jambo moja tu: wafanyakazi wake wanalala wapi. Vita sina haja navyo. Nionyeshe kitanda. Kapteni huwa na chumba kikubwa chenye dirisha la kuona nyota, na wale wa chini wamepangwa kama mikate kwa duka. Hata huko juu kuna Eastlands, kama ile mitaa yetu ya makabwela Nairobi. Lakini hata hao wa chini, kila mtu ana taa yake na kabati lake, na hakuna anayemkanyaga mwenzake. Hapo nawapa heko.

Tabia hii nimeitoa kwa mama. Miaka ya sabini tulikaa chumba kimoja karibu na Jogoo Road. Jirani yetu, mama Mswahili aliyekuwa fundi wa nguo, ndiye pekee aliyekuwa na televisheni katika laini yetu ya nyumba, na Jumamosi tulijaa sakafuni kwake. Kulikuwa na hadithi ya Kiingereza ya watu wanaosafiri angani. Kiingereza chenyewe hatukukijua. Lakini baharia mmoja alimaliza zamu, akapita korido ndefu, mlango ukajifungua wenyewe, akaingia chumba kidogo kuliko chetu. Akagusa ukuta, kitanda kikatoka. Akavuta ubao, ukawa meza.

Mama alishika mdomo. "Wee! Kumbe chumba kinatosha?"

Mara king'ora kikalia, baharia akatoka mbio.

"Wanapigana tena," mama akalalamika. "Si arudi chumbani tuone nguo anaweka wapi!"

"Na jiko je, mwenzangu?" jirani akamuuliza akicheka. "Hao hawali?"

"Angalia kuta, dada. Hazina hata masizi."

Mama hakuwa anacheza. Baba alipofariki, kaka yake mkubwa alikuja matangani na hakurudi kwao. Alichukua kitanda cha baba. Mama na wadogo zangu wakalala nyuma ya pazia, na mimi, msichana anayeanza kukua, nikabaki mkekani karibu na mlango. Akirudi amelewa, ananikanyaga. Mara moja alikanyaga mkono wangu na kiatu, kidole kikavunjika. Hakinyooki mpaka leo. Watu wa ukoo hawapendi nikisema, basi nasema: ni yeye, baba mkubwa. Na shangazi zangu walijua, wakanyamaza, wakaendelea kumpikia chai.

Halafu huyo huyo akaamua mimi ndiye nimejaza chumba.

"Huyu msichana aende ushago, akakae kijijini," alimwambia mama. "Shule imemtosha. Hapa hakuna nafasi."

"Na ikipatikana?"

"Itoke wapi? Utajenga ghorofa?"

Mama alifanya kazi soko la Kariokor, akikata tairi kuukuu za kutengeneza viatu vya akala. Alirudi na vipande vya mpira na mbao za makasha. Mpira huo aliupigilia misumari ukawa bawaba, na kitanda cha mbao kikashikana na ukuta. Asubuhi unakiinua, unakifunga kwa kamba. Mbele yake akasimamisha ukuta wa mbao wenye mlango mdogo na komeo kwa ndani. Juu ya mto akaning'iniza tochi ya baba. Nililala humo kama baharia. Baba mkubwa alirudi akijikwaa kwa viti, na mimi nikasikia tu.

Kesho yake akaenda kumwita karani wa estate, msimamizi wa nyumba hizo za kanjo, yaani baraza la jiji.

"Mama, kugawa chumba hairuhusiwi," karani akasema. "Bomoa."

"Nilikuambia," baba mkubwa akadakia. "Mtoto aende."

Karani alipoondoka, mama akaupima ule ukuta kwa mikono. Kisha akasema, kama anayejisemea, "Kwa ile meli kila kitu kinaingia ukutani. Mbona huu usiingie?" Akaupasua katikati, akaunganisha kwa mpira wa tairi. Usiku unasimama, asubuhi unakunjwa juu ya kitanda. Mbele akatundika kalenda.

Baba mkubwa akamleta karani tena. Karani akakuta chumba wazi.

"Ukuta uko wapi?"

"Si huu hapa!" Baba mkubwa akavuta kalenda mpaka ikachanika.

Karani akapapasa mbao. "Hii ni fanicha, mzee. Unanitoa ofisini kwa sababu ya fanicha? Kwanza wewe ni nani?"

"Mimi ndiye mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba ni kanjo. Nauliza, unalala hapa?"

Mama hakuwahi kumpinga shemeji yake. Ni kaka ya marehemu, ungemwambiaje atoke? Aliangalia mkono wangu, akajibu kwa upole, "Ni mgeni."

"Mgeni wa lini?"

"Wa matanga."

Jirani, aliyekuwa mlangoni na futi yake shingoni, alicheka hadi akaegemea ukuta. Karani akampa mgeni mpaka Jumapili awe ameondoka. Baba mkubwa aliondoka na koti la baba, na hajawahi kuniomba msamaha. Mimi ushago sikupelekwa.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa kwa jirani tena. Baharia akapita korido, mlango ukajifungua, kitanda kikatoka. Mama akatikisa kichwa.

"Chumba ni kizuri sana," akasema. "Lakini mlango unaojifungulia kila mtu? Komeo wamesahau. Wangeniuliza."