Kiriba Kilichokataa Kuoza

Georgina aliporudi kijijini Buganguzi kuishi, mjane wa miaka arobaini na tisa, alirudi na begi moja la nguo na maneno mengi ya mjini. Kwa miaka tisa alikuwa amezoa taka za mitaa ya Bilele, Bukoba mjini, na mara mbili aliitwa semina kule Kahororo. Huko alijifunza kutenganisha taka zinazooza na zisizooza, kutengeneza mboji, na kuiona chupa tupu kuwa malighafi, si uchafu. Mumewe alipofariki, alimwachia mwenzake wa kazi mkokoteni akaenda kukitunza kibanja chao, shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba.

Wanawake wa jumuiya yao ya kanisa walimpokea kwa jina jipya: Mama Taka.

"Sisi hatuna taka," jirani yake Klaudia alimwambia wiki ya kwanza. "Maganda ya ndizi yanarudi kwenye mgomba, mengine anakula mbuzi. Taka ni za nyinyi mliokaa mjini bila kibanja."

Georgina aliinama, akachomoa kipande cha mfuko wa plastiki wa chumvi kwenye shina la mgomba wa Klaudia. "Na hii?"

"Hiyo imeletwa na upepo."

"Upepo wako unakwenda dukani kununua chumvi, waitu."

Klaudia alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga, na urafiki wao ukaanzia hapo. Ilichukua miaka miwili, lakini nyumba zote kumi na mbili za jumuiya zilifika mahali pa kutenga chupa na mifuko, na mtu wa urejelezaji akawa anapita kila mwezi kuvichukua.

Kilichobaki kumkera Georgina ni viriba, ile mifuko myeusi ya kuoteshea miche ya kahawa. Kila msimu wa kupanda ilichanwa na kuachwa shambani, na mvua ikaisambaza. Kwa hiyo siku Mutalemwa, muuza pembejeo wa Muleba mjini, alipomwonyesha viriba vya kijani vilivyoandikwa kwamba vinaoza, alivipokea kama mtu aliyeletewa habari ya ndugu aliyepotea. Alizunguka nyumba zote kumi na mbili, na zote zikaotesha miche humo.

Oktoba, siku ya kupanda, Klaudia alishika wembe ili achane kiriba kama kawaida. Georgina akamzuia.

"Weka wembe chini. Kinaingia na mche wake. Mama zetu si walipanda hivyo?"

Ilikuwa kweli. Mama zao walikunja magome makavu ya mgomba yakawa vikombe, wakaotesha humo, na kikombe kikaingia ardhini pamoja na mche. Mvua za msimu mmoja zilitosha kukila. Tena mwanamke wa Kihaya hatoi nje ya kibanja kitu kinachooza. Kufanya hivyo ni kuunyima mgomba chakula chake. Nyembe zikawekwa chini, na miche ikaingia ardhini na viriba vyake.

Kufikia Aprili majani yalikuwa ya njano. Watu walisema ni jua la Februari. Georgina alifukua mche wake mmoja. Kiriba kilikuwa kizima, kijani kama siku ya kwanza, na ndani yake mizizi ilikuwa imejiviringa kama ngata ya kubebea mtungi.

Alimpigia simu Mutalemwa.

"Ngoja nisome," Mutalemwa alisema, ikasikika pakiti ikigeuzwa. "Aa. Hapa chini, kwa herufi ndogo. Vinaoza kwenye mtambo wa mboji, wenye joto kali."

"Buganguzi kuna mtambo gani, Mutalemwa?"

"Mama, mimi nauza tu."

Georgina alikaa barazani na simu mapajani. Hakuna mwingine aliyekuwa amefukua. Angeweza naye kusema ni jua. Lakini Klaudia alikuwa ameng'oa kahawa yote ya marehemu mumewe, iliyokufa kwa mnyauko, akapanda miche sitini ya viriba vile. Shemeji yake, Ishengoma, alikuwa ametamka mbele ya ukoo kwamba Juni atapita, na asipokuta kahawa iliyosimama, kibanja kitarudi kwa wanaume. Mvua za masika zilizobaki zilikuwa za wiki tatu, nne kwa bahati. Mche ukifukuliwa kiangazi, haushiki tena.

Asubuhi alikwenda kwa Klaudia na jembe na wembe.

"Nyegera," Klaudia alimkaribisha. "Mbona na jembe kwangu?"

Georgina alimweleza akiwa amesimama. Klaudia alisikiliza hadi mwisho.

"Ulisema tuweke wembe chini."

"Nilisema."

"Ukawataja na mama zetu."

"Niliwataja. Sikusoma mpaka chini."

"Na semina zako mbili." Klaudia aliingia ndani. Georgina alibaki uani, hajui kama amefukuzwa. Kisha Klaudia akatoka na jembe lake. "Tuanzie upande wa barabarani. Ndipo Ishengoma anapoanzia kutazama."

Walifukua polepole, wakachana viriba, wakakata mizizi iliyojizungusha, wakarudisha miche kwenye mboji mpya na kuifunika kwa majani makavu. Iliwachukua siku tatu. Jumapili Georgina alisimama kwenye jumuiya akasema kosa ni lake. Wengine walimzomea, mmoja akamwambia arudi Bilele. Hata hivyo alikwenda nyumba kwa nyumba na jembe, na hakuna aliyemfungia mlango, ingawa wawili hawakumpa hata maji.

Juni Ishengoma alipita. Miche kumi na tisa ilikuwa imekufa. Arobaini na mmoja ilikuwa na majani mapya, madogo, yanayong'aa. Alitembea mstari hadi mstari, akauinamia mche mmoja na kuutikisa kwa vidole viwili. Haukulegea. Akaaga bila kutaja kibanja, akaenda zake.

Klaudia alimgeukia Georgina, aliyekuwa akipalilia upande wa pili.

"Mwaka huu usiniletee kitu kipya."

"Sawa."

"Nimesema mwaka huu," Klaudia akaongeza, akashika jembe.