Daftari la Matangazo

Nilipofanywa mwalimu wa taaluma katika shule moja ya msingi upande wa Kasekese, jambo la kwanza nililoliua ni daftari la matangazo. Lilikuwa kaunta buku nene lililozungushwa darasa kwa darasa. Mwalimu anasoma tangazo, anaandika "nimesoma", anatia sahihi, kipindi kinaendelea. Mimi niliona ni ushamba mtupu. Nikafungua grupu la WhatsApp, nikatamba kikaoni kwamba sasa taarifa zitafika kabla mtu hajamaliza chai.

Mwalimu wa darasa la kwanza, mama wa Kipimbwe aliyekaribia kustaafu, akanyoosha mkono. "Mwalimu, simu yangu mimi ni ya kuongea tu."

"Mama, dunia inakimbia. Nunua nyingine."

Watu wakacheka, naye akacheka. Siku zile nilipenda sana kuchekesha watu.

Mama yule alikuwa fundi. Watoto walimjia wakijua Kisukuma au Kirundi tu, na mwaka ukiisha wanasoma Kiswahili kwa sauti hadi sisi wa darasa la saba tunawasikia. Herufi aliwafundishia nje, ukutani penye kivuli, kwa vizibo vya soda na punje za mahindi. Kazi ile mimi sikuiweza, ingawa ndimi niliyekuwa namkagua.

Jumapili moja jioni nikaandika kwenye grupu kwamba kesho wanakuja wathibiti ubora, kila mwalimu awe na andalio la somo mezani. Zikamiminika alama za dole gumba, nikalala nimeridhika.

Asubuhi mama yule akatukuta tumefunga tai. "Nyie mbona mmependeza hivi, kuna mgeni?" Kabla hajajibiwa, gari likaingia.

Wakamkuta nje na vizibo vyake, hana andalio. Mmoja wao akaniuliza, mbele yake, kama walimu walipewa taarifa. Nilijua hakuipata. Nikasema, "Tangazo lilitoka jana." Mama akaniangalia, kisha akainama kuokota vizibo vyake. Mpaka leo naona aibu kwa jibu lile, maana lilikuwa la kweli na nililisema ili nifiche kosa langu.

Akaandikiwa barua ya kujieleza, akanyang'anywa darasa la kwanza, akapewa stadi za kazi kwa wakubwa. Alikuja ofisini mara moja tu.

"Mwanangu, hiyo barua weka kwenye faili. Ila niachie watoto wangu."

Nikamwambia uamuzi haukuwa wangu, kumbe mapendekezo niliyaandika mwenyewe. Ng'ombe avunjikapo guu hurejea zizini. Muhula uliofuata akaomba uhamisho, akarudi kwao upande wa Kasansa. Watoto aliowaacha sasa wako darasa la tatu, na wengi bado wanasoma kwa kubabaisha. Nikiwasikia, nafunga dirisha.

Mwezi uliopita nilikuwa natafuta chaki kabatini nikalikuta lile kaunta buku. Nikafungua nione tangazo la mwisho. Lilikuwepo. Lakini baada yake kulikuwa na kurasa nyingine nyingi, kwa mwandiko wake ule mkubwa wa kuandikia watoto ubaoni. Kila siku ya kazi alikuwa akilifungua, anaandika tarehe, kisha: "Nimesoma. Hakuna tangazo." Na sahihi.

Hata Jumatatu ile ya wageni.