Chumba Kilichomshinda Fundi Kivuli

Simu ya wifi yangu iliingia saa nne na nusu asubuhi, nikiwa kwenye cherehani naunga pazia la mteja. Wifi hana kawaida ya kupiga asubuhi. Nilipopokea hakusalimia.

"Wifi, umekaa?"

"Nimekaa, nashona. Kuna nini?"

"Kaka yako aliinama kufunga kamba za viatu. Hakuinuka. Tumemfikisha hospitali, wamesema tumechelewa. Mama asiambiwe na majirani. Mwambie wewe."

Nilisema nimesikia. Halafu nikafanya jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka katikati ya sala naishiwa maneno. Sikulia, wala sikupiga magoti. Nilichukua stuli, nikaingia chumbani kwa mama, nikapanda, nikasogeza pazia na kuanza kuchomoa sponji nilizokuwa nimezishindilia kwenye matundu mawili ya ukutani, karibu na dari. Watu watakuja, niliwaza. Wataingia humu kumpa mama pole, na mmoja wao atatazama juu.

Mama alikuwa amelala. Macho yake yana ukungu siku hizi, lakini masikio na ngozi bado ni vya msichana. Alisikia stuli ikiburuzwa, kisha hewa ikampita usoni. Akatabasamu.

"Kaka yako anakuja?"

Aliuliza hivyo kwa sababu matundu yale sikuyafungua ila kwa ajili ya kaka. Kwa miaka miwili niliyafungua akija na kuyaziba akiondoka, naye hakujua. Ili nieleweke, lazima nimweleze yeye kwanza.

Kaka alinizidi miaka kumi na mmoja. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyenisomesha hadi kidato cha nne. Alifanya kazi miaka ishirini katika kampuni ya kufunga viyoyozi, na alikuwa hodari, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kufunga mashine bila kuitazama nyumba. Siku moja alitumwa kwa mzee ambaye dirisha lake lilikosa kioo kimoja.

"Mzee, tuanze na kioo," kaka akamwambia. "Bila hicho utapoza mtaa mzima."

"Nimeita fundi wa baridi au fundi wa vioo?" mzee akamjibu, kisha akapiga simu ofisini.

Mambo kama hayo yalijirudia, hadi kaka akaacha kazi mwenyewe na kuanza ya kwake. Alipaka mabati rangi nyeupe. Alitandika karatasi za kung'aa juu ya dari. Alitengeneza vibaraza vya mianzi upande wa jua la jioni, na akatoboa matundu: mawili chini ukuta wa kivulini, mawili juu ukuta wa pili, ili hewa baridi iingie chini na ya moto itokee juu. Msimu wa baridi matundu yaliwekewa vifuniko vya mbao, na nyufa za milango akaziziba kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Kwake walioga maji ya moto yaliyopashwa na jua ndani ya bomba jeusi, alilolizungusha juu ya paa chini ya vioo vya madirisha chakavu.

"Joto ni mgeni," alipenda kusema. "Akishaingia ndani, kumtoa ni kazi. Mzuie mlangoni."

Mtaani wakamwita Fundi Kivuli. Akipita na ngazi yake begani, watu wa kijiweni hawakumwacha.

"Fundi Kivuli! Jua limekukosea nini?"

"Mimi na jua hatuna ugomvi. Mgomvi ni bati lako."

Walicheka, naye alicheka zaidi yao. Mimi ndiye niliyekuwa sicheki. Nilikuwa na wateja wa mapazia, wake za watu wazito, na sikupenda wajue kwamba yule mwenye suruali ya madoa ya rangi nyeupe ni kaka yangu. Mteja mmoja aliwahi kuniuliza, nikajibu, "Tunafahamiana." Nimeanza na hilo dogo.

Kubwa ni hili. Mama alipoanza kulala muda mwingi, kaka alikuja kukitengeneza chumba chake katika nyumba ninayoishi na mama. Alifanya kazi siku tisa. Alipomaliza alitundika kipimajoto ukutani, akanipa daftari la shule niandike kila siku saa nane mchana. Wiki ya kwanza nje kulikuwa na nyuzi thelathini na nne, chumbani ishirini na nane. Bila feni.

"Sasa hata shetani akija humu atavaa sweta," mama alisema.

Kaka alifurahi kama mtoto. Alikuja na watu watatu siku tofauti kuwaonyesha, akawashikisha ukuta kwa mgongo wa kiganja, kama alivyozoea kuupima yeye.

Kisha wakaja akina mama wa kanisani kusali na mama. Kiongozi wao, ambaye pia alikuwa mteja wangu mkubwa, aliinua macho akaona matundu yenye wavu. "Jamani," alisema, "mama yetu mmemweka chumbani au kwenye banda la kuku?" Wakaangua kicheko. Hakuwa na nia mbaya. Lakini mimi ni mshona mapazia, na mle chumbani ndimo nilimowaonyesha wateja kazi yangu. Juma lile nikashona pazia la rangi ya maziwa, kutoka dari hadi sakafu, likafunika ukuta wote wa matundu ya juu. Baada ya siku tatu upepo ukaleta vumbi, kitambaa kikapigwa mistari ya udongo. Nikakata sponji, nikaziba. Nilijiambia ni hadi nitakapolifua.

Kaka akapiga simu. "Bibi Mapazia, chumba kinasemaje?"

"Thelathini na tatu."

"Thelathini na tatu? Matundu yako wazi?"

"Yako wazi."

Uongo ule ulitoka kirahisi kama kusema amina. Namba za daftari sikuzidanganya hata siku moja. Nilidanganya matundu tu, na hilo likatosha.

Alipokuja kukagua nilitangulia kusogeza pazia pembeni, kuchomoa sponji na kuzificha kwenye kapu la mabaki ya vitambaa. Aliwasha kijiti cha udi, akakishika karibu na tundu la chini, akautazama moshi ukipanda taratibu na kutokea juu. "Unaona? Hewa inatembea," alisema, akafungua daftari langu na kukunja uso. "Sasa joto linabakia kwa nini?" Akapaka bati upya. Akafungua dari akaongeza karatasi. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, anatambaa juu ya paa jua likiwa utosini, anatafuta kosa ambalo lilikuwa kwenye kapu langu la vitambaa.

"Kuna kitu sikioni, mdogo wangu," aliniambia akishuka ngazi. Nikampa maji ya kunywa.

Mama alijua. Yeye ndiye aliyekuwa akitoka jasho mle ndani, feni ikimpulizia hewa ileile ya moto. Hakumwambia kaka, alisema hawezi kugombanisha watoto wake. Mimi aliniambia mara nyingi.

"Mficha uchi hazai. Mwambie, atacheka tu."

"Kesho, mama."

"Kesho yako ina miguu ya kobe."

Na kweli angecheka. Angenitania mwaka mzima. Lakini kila alipopanda paa, uongo uliongezeka uzito, hadi ukawa si wa kuchekesha tena.

Kisha likaja la zahanati. Kanisa letu lilikuwa linajenga wodi ya wazazi, vitanda kumi na sita. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mwalimu mstaafu, alimfuata kaka nyumbani kwangu. Alisema umeme wa kuendesha viyoyozi hautoshi, na wamesikia kwamba yeye anapoza nyumba bila mashine.

Kaka alitazama sakafu. "Mwalimu, nashukuru. Ila nimeshindwa chumba kimoja cha mama yangu mzazi. Siwezi kwenda kujaribia kwa wajawazito."

"Lakini watu wanakusifu."

"Daftari halinisifu."

Mimi nilikuwa palepale, nimeshika pindo la pazia, pini nne mdomoni. Ningeweza kuzitema na kusema. Niliziacha mdomoni hadi mwalimu alipoaga.

Wodi ikajengwa na watu wengine, bati tupu bila dari. Viyoyozi viwili vilivyofungwa vinazimika umeme ukipungua, na wazazi wanalala na vitambaa vibichi vifuani. Kijiweni maneno yakabadilika. "Mganga hajigangi," walisema. "Kazi kubwa ilipokuja, Kivuli akaingia mitini." Kaka hakujibu tena kwa utani. Aliegesha ngazi nyuma ya nyumba, akawa anakaa barazani anatengeneza feni za watu. Mwaka mmoja na miezi miwili alikaa hivyo, na akafa hivyo.

Basi, nikiwa juu ya stuli asubuhi ile, sponji mkononi, mama ananitabasamia, nilimjibu, "Hapana, mama. Haji." Nikashuka nikamwambia.

Alilia muda mrefu bila sauti. Nilimshika mkono. Alipotulia aliuliza jambo moja.

"Alijua?"

"Hakujua."

"Yeye jina lake la kazi ndilo alilokuwa nalo. Utamzika nalo likiwa hivi?"

Mungu nilikuwa nimemwambia mara nyingi, kwa machozi, na nilidhani nimetubu. Lakini si Mungu aliyekuwa akipanda paa.

Katika kikao cha familia nilipewa kazi ya kuandika wasifu, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Baba mdogo, ndiye mkubwa wetu sasa, alinivuta pembeni. "Ile habari ya zahanati iruke. Wafu hawasimangwi." Nikaandika kurasa mbili: kuzaliwa, shule, ndoa, watoto wanne, kampuni, kujiajiri. Niliandika kwamba alikuwa fundi hodari, na kalamu ikasimama hapo.

Asubuhi ya mazishi nilikusudia kumwambia wifi kwanza, peke yetu. Nilimkuta jikoni, nikamwita. "Sema," alisema, na watu wawili wakaingia na sufuria. Nikauliza kama vikombe vinatosha.

Kanisani nilisoma ukurasa wa kwanza vizuri. Nilipofika kwenye "fundi hodari" nilisikia mtu wa nyuma akiguna. Haikuwa dhihaka kubwa, mguno tu wa mtu aliyewahi kukaa kijiweni. Nikaweka karatasi chini.

"Ndugu zangu," nilisema, "mnasema chumba cha mama kilimshinda. Hakikumshinda. Niliziba matundu kwa sponji kwa sababu niliyaonea aibu, nikamwambia yako wazi. Akija nilizitoa. Akiondoka nilizirudisha. Alikataa kazi ya zahanati kwa sababu yangu."

Baba mdogo alinong'ona, "Geuza ukurasa, binti." Kisha yule mwalimu mstaafu akasimama kwenye benchi lake. Nilidhani atanikemea.

"Kabla hujaziba, kilipimwa ngapi?"

"Ishirini na nane, mwalimu. Nje thelathini na nne."

"Siku ngapi?"

"Siku sita mfululizo. Daftari lipo."

"Utaniletea hilo daftari," alisema. Akaketi, kisha akasema tena kwa sauti ya kusikika, "Alikuwa sahihi, basi."

Nilimaliza ukurasa wa pili sijui kwa sauti gani. Yule kiongozi wa akina mama aliinamisha uso. Nilitamani kumwambia kwamba kosa si lake, kicheko ni kicheko tu. Watoto wa kaka walinitazama kama mtu wanayemwona mara ya kwanza.

Wifi alinisubiri mlangoni. Macho yake yalikuwa makavu.

"Miaka miwili nimemwona anachora chumba kile mezani. Chakula kinapoa, yeye anachora. Nikamwambia achana nacho, akanijibu, 'Ni mama yangu.'"

"Nisamehe, wifi."

"Leo nazika mume. Usiniombe kitu leo."

Alikuwa na haki. Nikarudi nyuma, nikamsukuma mama kwenye kiti chake cha magurudumu, tukafuata jeneza.

Makaburi yako mwendo wa robo saa kutoka kanisani. Jeneza lilibebwa na wapwa wawili, mkwe, na watu watatu aliofanya nao kazi kwenye kampuni. Mchungaji alisoma neno, akaomba. Wakalishusha kwa kamba; upande wa miguu ulitangulia kidogo, wakaliweka sawa. Wifi alitupa udongo wa kwanza, kisha watoto, kuanzia mkubwa. Mama tulimsogeza hadi ukingoni, nikamwekea udongo kiganjani, akauachia bila kusema kitu. Mimi nilifuata. Wanaume wakachukua majembe, wakajaza, wakasimika msalaba wenye jina lake kamili na miaka yake. Kwaya iliimba wimbo mmoja. Mchungaji akafunga kwa sala, ikiwa yapata saa tisa alasiri, akasema familia watangulie. Wifi akaondoka na watoto wake. Nasi tukamgeuza mama, tukarudi nyumbani.